Mrithi wa Kigoda

Jumatatu, 3 Machi

Daktari wa mifugo amesema ni suala la siku tu. Nimemuuliza siku ngapi, akatazama dirishani. Moyo wa mbwa wangu Kigoda umechoka. Macho yalishazima tangu mwaka jana. Siku hizi hata mkia anautikisa kwa kujilazimisha, kama mtu anayecheka mzaha wa bosi.

Aliitwa Kigoda kwa sababu ndivyo alivyo: mgongo mrefu, bapa, na miguu minne mifupi kabisa. Mke wangu ndiye aliyempa jina. Tangu tulipomzika mke wangu, nyumba hii ina mimi, Kigoda, na makochi ya watu yanayosubiri vitambaa vipya.

Kigoda ana jambo moja. Mtu akilia, humwendea polepole, humlazia kidevu juu ya mguu, hukaa hapo mpaka mtu anyamaze. Alimfanyia mke wangu miezi yote ya ugonjwa. Baada ya mazishi akanifanyia mimi. Sijui ningekuwa wapi leo bila uzito wa kile kidevu.

Sasa nacho kiende? Haiwezekani. Nina mpango. Kigoda ana watoto. Lazima mmojawapo amerithi!

Jumanne, 4 Machi

Nimerudi kwa daktari kuuliza swali la kitaalamu. Je, jambo lile la Kigoda linarithiwa?

Akaanza na miguu. Miguu mifupi kama ile, alisema, huletwa na jeni moja tu. Mzazi mmoja akiwa nayo, kila mtoto ni kama sarafu iliyorushwa juu: atoke mfupi, au atoke mrefu. Hata ukubwa wa mwili, rangi na manyoya, mengi huamuliwa na jeni chache. Ndiyo maana kuna mbwa wa kubebwa mkobani na mbwa wa kumtisha ng'ombe, na wote ni mbwa.

Nikashika kofia niondoke. Nilikuwa nimepata nilichokitaka.

Akaniambia nikae. Tabia, akasema, ni habari nyingine. Huko jeni ni nyingi mno, kila moja inachangia chembe, na juu yake kuna malezi na yote yaliyompata mbwa maishani. Ukitazama umbo la mbwa hujajua moyo wake.

Nilitikisa kichwa kwa heshima. Bado kijana, atajifunza. Mtoto wa nyoka ni nyoka, na hilo lilijulikana kabla ya jeni kuzaliwa.

Jumatano, 5 Machi

Kwa mwoka mikate, jirani yangu. Hatupatani. Miaka ile alikuwa na jike refu kama ngazi, mwenye ukoo unaojulikana, na alishampangia mchumba wa hadhi yake. Kigoda akamtangulia mchumba. Hadi leo hakuna ajuaye alifikaje. Watoto walipozaliwa, nusu walikuwa ngazi na nusu vigoda. Mwoka mikate alilia. Mke wangu alicheka hadi akakaa chini.

Mmoja alibaki pale dukani. Anaitwa Ngano, kwa rangi yake. Miguu ya baba mtupu! Nilipomwona amelala chini ya meza ya unga, nilichuchumaa nikampapasa mgongo.

Nikaomba kumwazima, na kwa malipo nitamshonea upya kochi lake. Nilitegemea mabishano. Akaniambia nimchukue hata mwezi. Hapo ningepaswa kushtuka. Sikushtuka.

Ijumaa, 7 Machi

Jaribio. Nimekaa sakafuni, Ngano mbele yangu, mguu nimeunyoosha. Nikaanza kulia.

Machozi hayakuja! Mimi, ambaye juzi nililizwa na kitana kilichobaki bafuni. Nikakunja uso, nikagumia, nikaita jina la marehemu. Wapi. Ngano alinitazama kama mteja anayesubiri chenji. Kigoda kikapuni hakuinua hata sikio. Alijua ni maigizo.

Nikaenda jikoni kuchukua kitunguu. Nikakikata, nikakinusa, machozi yakaanza kuchuruzika vizuri sana. Ngano akasimama. Akaja! Moyo wangu ukaruka. Akapita mguu, akanyakua kitunguu, akakimbilia nacho chini ya kochi la watu.

Kitunguu ni sumu kwa mbwa. Sikujua. Nimeambiwa hivyo na daktari, kwa sauti, mbele ya watu na kuku wao. Ngano alitapishwa. Yuko salama. Viatu vya daktari haviko salama.

Nimemrudisha kwa mwenyewe. Mwoka mikate amesema biashara ya kochi iko palepale.

Jumamosi, 8 Machi

Kigoda amekataa chakula. Nimemlowekea mkate kwenye maziwa, nikamlisha kwa kidole. Amelamba kidole, mkate ameuacha.

Muda unakwisha. Watoto wengine wa Kigoda sijui walipo; amebaki Twiga, dada yake Ngano. Huyu yuko kwa Shemeji, dada wa mke wangu. Shemeji na mimi hatujasemezana tangu mazishi. Alitaka tugawe nguo za marehemu. Nikamwambia kabati halifunguki. Akauliza limeharibika nini. Nikasema mimi ndiye niliyeharibika, si kabati. Akaondoka na kubamiza mlango.

Mpango: nitampelekea sanduku la nguo, tupatane, kisha niazime mbwa. Shida ni moja. Kabati bado halifunguki. Nimesimama mbele yake asubuhi nzima. Mwishowe nimetoa gauni moja tu, la bluu, lililokuwa limening'inia nyuma ya mlango wa chumba. Sehemu nyingine ya sanduku nimejaza vipande vya vitambaa vya makochi. Gauni nimelitandaza juu. Anayetazama haraka ataona sanduku zima.

Jumapili, 9 Machi

Hakutazama haraka.

Kigoda nilimbeba kikapuni, sikuthubutu kumwacha peke yake. Shemeji alitupokea vizuri, akaniita shemeji yangu, akaniwekea chai. Twiga alikuwa kibarazani, mrefu, mweusi, pua ya mama yake. Hana hata unywele wa Kigoda. Nilivunjika moyo kidogo. Nikajipa moyo: labda kwake urithi umeingia upande wa ndani.

Shemeji akafungua sanduku. Akainua gauni. Akatoa kitambaa cha maua, kingine cha mistari, na springi ya kochi.

"Shemeji, haya ni matambara."

Nikasema ya chini tu ndiyo matambara.

Nilidhani atanirushia springi. Badala yake aliketi na lile gauni mapajani, akainama, akalia. Si kilio cha msibani cha kusikika na watu. Kilio cha kimya, mabega tu.

Haya, nikajiambia, wakati ndio huu! Nikamtazama Twiga. Naye akatutazama sisi wawili, akapiga miayo, akaondoka kwenda kubwekea kuku.

Kisha nikasikia kikapu kinakwaruza. Kigoda, ambaye tangu jana hajasimama, alikuwa anajiburuta nje. Akaanguka ubavu. Akainuka. Haoni, alifuata sauti. Alivuka chumba kile kama anavuka nchi, akafika, akalaza kidevu juu ya mguu.

Mguu wa Shemeji! Wangu ulikuwa karibu zaidi. Nilikuwa nalia na mimi, kilio cha kweli, bila kitunguu. Naandika hili bila aibu: nilimwonea Shemeji wivu.

Akamshika kichwa. Akasema dada yake angefurahi kuona bado anakumbuka. Nikauliza anakumbuka nini.

"Kwani hujui? Dada alimfundisha. Akiwa mdogo alikuwa anamwekea vipande vya biskuti juu ya kiatu. Kila akilaza kidevu, anapewa. Baadaye akawa hahitaji tena biskuti."

Nikamwambia haiwezekani, ile ni damu. Akasema damu gani, yeye mwenyewe alikuwepo, biskuti zenyewe zilikuwa zake.

Jumatatu, 10 Machi

Kigoda amekufa asubuhi. Nilikuwa napigilia misumari kwenye mkono wa kochi. Nilipogeuka kuchukua nyundo nyingine, alikuwa ameshaondoka.  Hakukohoa hata mara moja.

Nimechimba nyuma ya nyumba. Shimo nililikadiria kwa macho, likawa refu kupita kiasi na halina upana. Nimelichimba tena.

Nimelia. Nikajikuta nautazama mguu wangu.

Alhamisi, 13 Machi

Nimepita kwa daktari kumpa habari. Alinipa mkono, akaushika kwa muda. Nikamweleza yale ya biskuti, nikitumaini atayakanusha. Hakuyakanusha. Alisema huenda Kigoda alizaliwa na upole fulani, lakini upole ule ulimpata mtu wa kuulea, na mtu yule hayupo tena. Mbwa mwingine yeyote, alisema, mrefu au mfupi, akipata subira ileile anaweza kulaza kidevu. Swali ni nani atakayekaa naye kwa subira.

Nikamwambia nimemwelewa kabisa.

Shemeji ametuma ujumbe. Anasema Jumapili anakuja na chakula, tufungue kabati pamoja, wala tusiharakishe. Tukifungua mlango tu na kuufunga tena, itatosha kwa siku ya kwanza. Nimeusoma ujumbe mara nyingi. Ni wa mtu mwema. Nimemjibu karibu sana.

Jumapili, 16 Machi

Nimemwambia Shemeji asije. Nimesema nina kazi ya haraka. Alijibu neno moja, sawa, na baada ya hapo hakuandika tena.

Kazi yenyewe ni hii. Jana, nikipita shule iliyo karibu na sokoni, nilimwona mlinzi wa geti na mbwa mchanga. Mgongo mrefu! Bapa! Miguu minne mifupi! Nilisimama katikati ya barabara mpaka nikapigiwa honi. Mlinzi anasema hajui ametoka wapi, ameokotwa kwenye mtaro, ukoo wake hauna ushahidi. Ushahidi gani tena, nilimwambia, na miguu ile? Daktari mwenyewe alisema ni jeni.

Nimemchukua leo. Shemeji angekuwa anafika saa hizi na vyungu vyake. Nyumba ni kimya. Nimekaa sakafuni, nimenyoosha mguu, na safari hii sikuhitaji kulazimisha machozi. Yalikuja yenyewe mara nilipokaa.

Mbwa mchanga alinizunguka. Akanusa kiatu. Akafikiri. Kisha akainua mguu wake mfupi, akakikojolea.

Ameutambua mguu. Damu haipotei!