Sanduku la Bugarama Lililofundishwa Kuamkia

Sogeeni, enyi ambao hamkufika Bugarama mwaka ule wa sabini na tano, mkakosa kuliona kwa macho yenu jambo tuliloliona sisi. Nawe, Pumzi unayekaa vifuani mwa wasimulizi, nijalie sauti isiyokatika, maana habari ninayoibeba ni nzito, tena ina nyaya nyingi. Namtaja Zamoyoni binti Akida, mtafiti wa Shinyanga, Mshika Bisibisi, Mfunga Nyaya, mtu wa kwanza katika nchi ile ya pamba na dhahabu kusimama mbele ya wakubwa na kutamka kwamba mashine inaweza kufundishwa namna ya kufundisha.

Baba yake aliuza vitambaa Shinyanga mjini, naye alitaka bintiye awe nesi. Binti akaenda Chuo Kikuu, kisha akavuka bahari hadi nchi ambako kompyuta moja ilijaza chumba kizima na kupepewa mchana kutwa kama sultani. Aliporudi alipewa ofisi ya dirisha moja na kiti kilichoyumba, akaambiwa atafute njia ya kuwasomesha watu wazima upesi. Hapo ndipo alipojifunga kibwebwe. Kwa mbao za makasha ya chai, redio ya kaseti, balbu za tochi na vitufe alivyovichonga mwenyewe, aliunda Sanduku. Sanduku liliuliza swali kwa sauti, mwanafunzi akabonyeza kitufe, na akipata jibu, taa ya kijani iliwaka. Kwa ajili ya taa hiyo Zamoyoni aliutoa ujana wake wote, na posa mbili alizikataa kwa kuwa wachumba walicheka walipoonyeshwa mchoro.

Aliyempinga alikuwa Bwana Stanslaus, mkuu wa kamati ya elimu ya watu wazima, Mlinzi wa Chaki, mtu mwadilifu mwenye kaunda suti iliyopigwa pasi hadi ikasimama peke yake. "Binti Akida," alisema siku waliyoondoka, "chaki haili betri, haiharibiki kwa vumbi, na ikivunjika unapata chaki mbili. Tutakwenda Bugarama kwenye darasa la kisomo. Taa yako ikiwaka mbele ya wanakijiji, utafiti utaendelea. Isipowaka, Sanduku litakwenda stoo, nawe utakwenda kusimamia madawati."

"Itawaka, bwana mkubwa," akajibu Zamoyoni.

Wakafika asubuhi kwa Landrova iliyoendeshwa na dereva Cornel, wote watatu wekundu kwa vumbi. Darasani tulikuwa tumejaa, wakulima wa pamba upande mmoja, wachimbaji upande wa pili, udongo wa mashimoni ungali kwenye nyusi zao. Sanduku likawekwa mezani. Wa kwanza kuitwa alikuwa Bi Paskalia, Mama Januari, mpika maandazi wa wachimbaji, Nguzo ya Kisomo, ambaye hakuwahi kukosa somo hata siku ya msiba.

Akaketi, akaweka kanga yake sawa, akaliinamia Sanduku.

"Mwangaluka," akalisalimu kwa Kisukuma.

Sanduku likanyamaza.

Mama Januari akakunja mikono. "Mwalimu Zamoyoni," akasema, na sauti yake ikajaa chumba kama ngoma ya harusi, "mimi nimezaa, nimezika, nimelima, nimewalisha wanaume waliotoka mashimoni bila kujua kama ni mchana. Sijafundishwa hata mara moja na mtu aliyenyamaza nilipomsalimu. Hili lina umri gani?"

"Miezi mitatu, mama."

"Basi ni mtoto mchanga. Liniamkie kwanza, ndipo nilisikilize."

Hapo jeshi la darasa likagawanyika. Mchimbaji Makoye, Mvunja Miamba, akasimama akanena kwamba Sanduku ni mwalimu, na mwalimu huamkiwa hata akiwa kijana. Wakulima wakamzomea. Wachimbaji wakagonga madawati. Wengine wakauliza kama Sanduku lina wazazi. Bwana Stanslaus alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Shinyanga. "Chaki," alisema taratibu, "haijamkosea mtu adabu."

Zamoyoni alilibeba Sanduku hadi kwenye Landrova, akapandisha vioo vyote, akamshika Cornel mkono.

"Nahitaji sauti ya kijana. Sema shikamoo hapa."

"Nimwamkie nani, dada?"

"Kinasa sauti."

"Dada, mimi nina heshima yangu. Wakisikia kwetu Katoro kwamba nimeamkia redio, nani atapanda gari langu?"

"Funga macho umfikirie bibi yako. Cornel, nakuomba. Sina kingine cha kufanya maishani."

Cornel akamtazama, akaona hatanii. Akafumba macho, akaamkia.

Waliporudi, kitufe kikabonyezwa, na sauti changa, yenye unyenyekevu mkubwa, ikatoka kwenye mbao: "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akaitikia Mama Januari, na darasa zima likaitikia naye kwa kishindo, hata maneno yaliyofuata hayakusikika. Basi nani sasa angekubali kukosa heshima ile? Kila mtu alitaka kuamkiwa. Wakapanga foleni. Makoye mwenyewe, aliyekuwa upande wa pili wa vita, aliamkiwa, akaitwa mama bila kujali, akarudi nyuma ya foleni ili aamkiwe tena. Zamoyoni aliwasihi waache, maana sauti na taa vilikunywa kutoka mawe yale yale ya redio, zile betri, na mawe hayo hayakupatikana dukani hata Kahama. Hakuna aliyesikia.

Mama Januari aliporudi kitini tayari kwa swali lake, mawe yalikuwa yamechoka. Kanda ilijivuta. Ile sauti changa ikatoka nzito, pole pole, kama inapanda kutoka chini ya shimo: "Shiii-kaaa-mooo, maaa-maaa."

"Hiyo ni sauti ya babu," akanong'ona Makoye.

Mama Januari aliinuka kwa hofu. "Mzee wa umri huu aniamkie mimi? Mnanitafutia laana?" Akapiga goti upesi mbele ya meza. "Shikamoo, mzee wangu."

Na Sanduku likajibu: "Maaa-raaa-haaa-baaa."

Wengine walikimbilia mlangoni. Ukweli ni kwamba Cornel alipoamkia garini, Zamoyoni, kwa malezi ya nyumbani kwao, aliitikia bila kujua, na kanda ikanasa marahaba yake, ile iliyofunikwa na kishindo chetu. Lakini sisi hatukulijua hilo. Tuliona tu kwamba Sanduku limezeeka mbele yetu, na limezeeka kwa adabu.

"Mtu mzima huyu," akasema Mama Januari akiketi. "Sasa aulize."

Sanduku likauliza, kwa pumzi zake za mwisho, mwenye magunia matano ya pamba akipeleka mawili kwa chama cha ushirika, yamebaki mangapi. Mama Januari alihesabu kwa vidole ndani ya kanga, akabonyeza kitufe cha tatu.

Tukaangalia taa. Jua la dirishani lilikuwa kali.

"Sioni kitu," akasema Bwana Stanslaus, na alisema kwa upole, kama daktari.

Zamoyoni akamgeukia Mama Januari. "Mama," akasema, "niazime kanga yako."

Kanga ikatandazwa juu ya Sanduku. Mama Januari akaingiza kichwa, akatoka akicheka peke yake. Makoye akaingia, akatoka, akaenda kukaa. Ndipo Bwana Stanslaus alipovua miwani, akaifuta, akaivaa, akainamisha kile kichwa kilichokuwa kimehutubia mikoa mitatu, akakitia chini ya kanga ya mpika maandazi.

Tukasubiri.

"Naiona," ikasema kanga.

"Rangi gani, bwana mkubwa?" akauliza Zamoyoni, maana mtafiti hupaswa kuwa na hakika.

"Kijani."

Enyi vizazi, katika miaka ile watu walitembea mwezini na falme zikaanguka. Lakini Bugarama, saa tano asubuhi, taa ndogo kuliko punje ya mtama iliwaka kwa sababu mama mmoja alijua magunia yake, na utafiti wa binti Akida ukapata kuishi. Zamoyoni aliketi sakafuni, akalia kidogo, Cornel akampa leso.

Kutoka chini ya kanga ikasikika sauti ya mkuu wa kamati: "Liambieni liniulize na mimi."

Kitufe kikabonyezwa tena, nasi tukavua kofia, tukiisubiri historia, na Mlinzi wa Chaki chini ya kanga, wamalize kuhesabu.