Bonde Langu na Safari ya Kuona Bahari

Jumatatu, 1 Septemba 2025
Mkutano ofisi ya kata, Kyimo. Mtaalamu Hellen katoka pwani, kwenye mikoko. Anasema tope la mikoko limefukia kaboni tangu enzi za mababu, maana chini ya maji majani hayaozi yakaisha. Mabonde yetu ya matete nayo hufanya hivyo. Watapima. Mwenye bonde lenye kaboni nyingi kuliko yote atapelekwa Rufiji kuona mikoko. Na bahari! Miaka hamsini na mbili sijaiona. Nimeshawatangazia wanakwaya kwamba naenda. Wamenipigia makofi.

Jumanne, 2 Septemba
Balaa! Bonde langu nililichimbia mfereji nikalikausha miaka kumi na moja iliyopita, nikapewa na cheti cha mkulima bora. Leo Hellen ananiambia, pole baba, ukikausha, hewa inaingia na kaboni inaondoka. Kwa hiyo jirani yangu Lutufyo, mvivu wa kutupwa, ambaye bonde lake hajaligusa hata kwa fimbo, ndiye anaongoza. Siku hizi uvivu nao unapimwa?

Jumatano, 3 Septemba
Nimeziba mfereji kwa mawe na vigogo vya migomba. Maji magotini! Nimeng'oa matete kwa Lutufyo, nikayapanda kwangu kwa mistari, kwa kamba. Yamependeza. Lutufyo akanikuta. Akauliza kama nahitaji msaada wa kubeba. Mtu hana hata wivu! Inaudhi sana.

Alhamisi, 4 Septemba
Mke wangu, Mama Tulia, kaenda kuangalia maharage yake. Yalikuwa bondeni. Nilijua, ila nilijisahaulisha. Yamezama yote, na maua yake. Nikamweleza habari za bahari. Akasema, ee Kyala, Mungu wangu, kwa hiyo watoto watakula bahari? Roho iliniuma kweli. Nikaenda kumwaga magunia mawili ya vumbi la mkaa kwenye tope. Si mkaa ni kaboni?

Ijumaa, 5 Septemba
Vipimo. Hellen akazamisha bomba, akatoa udongo. Juu, mkaa. Kisha tope la juzi. Chini, udongo mkavu kama unga. Akauliza kwa upole nani alikuwa anachoma nyama hapa. Mwenyekiti wa kijiji alicheka mpaka akakaa chini. Kwa Lutufyo bomba lilitoka jeusi tii, juu mpaka chini. Kachaguliwa. Wakati wanamtangaza alikuwa anasinzia.

Jumamosi, 6 Septemba
Hellen kaja kuaga. Kasema nisikate tamaa. Niache mfereji umezibwa, matete yaote, yafe, yalaliane, na baada ya miaka mia kadhaa udongo utakuwa mzuri. Mama Tulia akasema maharage yameshakufa, basi liachwe hivyo hivyo, na mimi nisiliguse.

Nimekaa nikatafakari. Kosa langu nimeliona. Matete ya Lutufyo yameota miaka yote hiyo bila mbolea hata punje! Stoo kuna nusu mfuko wa yuria. Ni ya mahindi ya Mama Tulia, lakini leo kaenda sokoni Tukuyu. Kwa yuria ile, bonde langu litakuwa la kale ifikapo Krismasi.