Kiti cha Nje

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Mama mkwe anakuja kwenye onyesho la Jumamosi! Mara ya mwisho alimuuliza mke wangu kama kazi yangu katika okestra ni kufunua kurasa tu. Miaka yote hii napiga fidla!

Tatizo ni kiti. Wapiga fidla hukaa wawiliwawili, karatasi moja ya muziki mbele yao. Wa nje yuko upande wa watazamaji, anaonekana, hagusi karatasi. Wa ndani ndiye mfunuaji. Mimi ni wa ndani, safu ya mwisho kabisa. Wa nje ni mwenzangu ninayemwita Jirani, mgongo kama kabati. Mama mkwe aliuona mkono wangu tu, ukitokea na kupotea. Safari hii ataona uso. Kwa heri au kwa shari.

Jumanne, tarehe 4 Machi
Nimemwambia meneja shingo imekaza, labda nikae nje. Amesikitika sana. Amesema nipumzike nyumbani, atatafuta mtu wa kushika nafasi yangu Jumamosi.

Nimepona papo hapo. Nimeizungusha shingo pande zote mbele yake. Wapiga selo wamenipigia makofi.

Jumatano, tarehe 5 Machi
Mpango wa pili: kuchelewa kufunua. Jirani apotee, akasirike, adai kufunua mwenyewe, tubadilishane viti. Mazoezini ukurasa ukafika, nikatulia tuli.

Lo! Jirani anaujua muziki wote kwa kichwa. Aliyepotea ni mimi. Nikapiga noti tatu nzito, peke yangu, mahali ambapo okestra nzima imenyamaza. Mwongozaji akashusha kijiti, akasema sauti ni nzuri, ila mtunzi hakuiomba.

Mke wangu amesema mchimba kisima huingia mwenyewe. Hajui mambo ya sanaa.

Alhamisi, tarehe 6 Machi
Nimewahi ukumbini, nikakalia kiti cha nje. Jirani akaja, akauliza kwa upole kama nakitaka. Nikasema la, nampashia moto tu. Nikahama. Ulimi huu utaniua!

Ijumaa, tarehe 7 Machi
Ushindi! Mke wangu alikuja kunichukua, akakutana na Jirani mlangoni, akamwomba kiti. Jirani akasema chukueni, ningeambiwa mapema ningekitoa mapema. Mipango yangu imezaa matunda.

Jumamosi, tarehe 8 Machi
Bado nimevaa suti.

Taa zilinipiga usoni. Mama mkwe safu ya tatu, mkoba mapajani, ananitazama. Nusu ya kwanza nilipiga vizuri kuliko nilivyowahi kupiga maishani. Sijisifu. Moyo ulikuwa umejaa.

Kisha pa! Mbele kabisa, uzi wa kiongozi wetu wa fidla ukakatika. Sasa, kwetu kiongozi hanyamazi. Huletewa fidla ya aliye nyuma kabisa, mkono kwa mkono, na ile mbovu hurudi vivyo hivyo, viti vya nje tu, mpaka cha mwisho. Nani alikuwa kwenye kiti cha nje cha mwisho? Yangu ikaenda mbele, mbovu ikanitua mapajani!

Mwenye kiti hicho hubeba uzi wa akiba. Jirani hajawahi kuusahau. Leo, kwa kuwa anakaa ndani, ameuacha nyumbani. Mimi mfukoni nilikuwa na leso.

Nikae bure mbele ya mama mkwe? Ng'o! Nikanyoosha mkono, nikamfunulia Jirani ukurasa. Na mwingine. Na mwingine. Mpaka mwisho, taa zote usoni.

Baadaye mama mkwe akanishika mikono yote miwili. Akasema leo ameelewa: bila mimi yule bwana mnene angepotea njia. Akasema binti yake hakukosea kuolewa nami. Macho yake yalilowa. Nilitaka kumsahihisha, nikashindwa. Na mimi nililia kidogo.

Jumatatu, tarehe 10 Machi
Kiongozi amenisifu mbele ya wote. Eti fidla yangu ina sauti tamu ajabu, anatamani angekuwa nayo.

Nimefikiri sana. Fidla yangu imekwisha kukaa kiti cha kwanza. Nimebaki mimi tu kuifuata. Mama mkwe anarudi mwezi ujao, na safari hii analeta dada zake.

Mke wangu amesema sikio la kufa halisikii dawa. Sijui anamsema nani. Kesho asubuhi nitamuuliza kiongozi, kwa upole tu, kama haoni shingo yake imekaza.