Zabron Abaki, Zabron Aondoke

Jumatatu, 3 Februari

Kolekole FC tumefungwa tena. Mbili bila, nyumbani. Hatujashinda tangu mvua za vuli na sasa tunanusa kushuka daraja. Kijiwe chetu cha kahawa hapa Ngamiani kimegawanyika mabenchi mawili: Zabron Aondoke na Zabron Abaki. Zabron ndiye kocha. Mtu wa Lushoto, mpole, haongei. Kila wiki anampanga Luka peke yake mbele, na kila wiki Luka anapaisha.

Mimi niko benchi la Aondoke. Nina sauti kubwa huko. Sababu si mpira. Sababu ni Mzee Mwinyijuma, anayekaa benchi hilo, na ni mjomba wake Tuhfa. Tuhfa anauza bajia pembeni ya kijiwe. Akizigeuza kwenye karai nasahau nilichokuwa nasema.

Huu ni mwezi wa Shaaban. Watu wanaoa mbio mbio kabla ya mfungo, na mimi kutwa niko kwenye charahani nashona magauni ya maharusi wa wenzangu. Ramadhani iliyopita nilifuturu peke yangu, redio nimeiwasha ili nyumba ionekane ina mtu. Sitaki tena hivyo. Namtaka Tuhfa.

Basi leo nikapaza sauti kuwa Zabron ni mzigo, arudishwe kwao akalime kabichi. Mzee akanipiga begani kwa furaha. Hapo Tuhfa, bila kuinua macho, akasema kocha hupewa muda, na kwamba wanaopiga kelele hawajawahi kumfundisha hata kuku kuingia bandani. Benchi zima la Abaki likacheka.

Nimekwisha. Mjomba yuko huku, mpwa yuko kule.

Jumatano, 5 Februari

Posa haipeleki mwenyewe. Kwetu Pemba angekwenda baba, lakini baba yuko Wete na magoti yake hayataki tena kuvuka bahari. Nahitaji mshenga.

Nimemchagua Mundhir, fundi simu wa duka la jirani. Ndiye msemaji wa benchi la Abaki, kwa hiyo Tuhfa atampenda. Ana maneno, ana kanzu safi, hashikwi na haya. Zabron angejua kuchagua watu namna hii tusingekuwa mkiani. Nimemkabidhi sahani ya halua ya Wete niliyokuwa nimeificha nisiimalize. Atakwenda kesho baada ya magharibi.

Ijumaa, 7 Februari

Mundhir kanirudishia sahani tupu. Nikamuuliza jibu. Akaniuliza jibu la nini.

Kumbe aliingia vizuri. Shikamoo, marahaba, karibu kiti. Wakaanza na mechi kwa adabu tu. Mzee akasema Zabron hajui mpira. Mundhir akashindwa kunyamaza. Akakata halua vipande, akaupanga mfumo sahanini, mabeki wanne, viungo watano, Luka mbele. Mzee akamla kiungo mkabaji. Mundhir akasema huo si ubishi wa kistaarabu. Adhana ya isha iliwakuta wamesimama wote wawili, na mzee anaonyesha mlango. Posa haikutajwa kabisa. Mundhir anajisifu kuwa kamshinda mzee kwa hoja.

Nikamuuliza kama alimwona Tuhfa. Akasema ndio, alileta kahawa, akauliza kama fundi Jaku hajambo. Yeye akajibu hajambo, akarudi kwa viungo wake.

Kaniulizia. Nimelifikiria hilo mpaka nimeshona mkono wa kushoto upande wa kulia.

Jumamosi, 8 Februari

Akili imekuja. Nimeshona bango la pande mbili. Upande mmoja ZABRON AONDOKE, upande wa pili ZABRON ABAKI. Uwanjani mzee hukaa jukwaa kuu, penye paa. Tuhfa hukaa na wanawake wenzake ng'ambo, kwenye jua. Mimi nitasimama nyuma ya goli, katikati yao, nimelinyoosha. Kila mmoja atasoma la kwake. Nimeongeza na pindo.

Jumapili, 9 Februari

Kipindi cha kwanza nilikuwa mfalme. Mzee alininyooshea kidole gumba. Tuhfa, wallahi, alinipungia ukaya wake wa kichwani.

Ikaja mapumziko. Pale kwetu, mapumziko yakifika, wanawake wa ng'ambo huruhusiwa kuhamia jukwaa kuu kukwepa jua. Mtoto mdogo analijua hilo. Mimi nalijua. Nilikuwa nakunja pindo, sikulifikiria. Nainua kichwa, Tuhfa amekaa ubavuni mwa mjomba wake.

Nikaligeuza bango. Mzee akasimama. Nikaligeuza tena. Tuhfa akasimama. Nikaendelea kuligeuza, na jukwaa zima likawa linaimba nami, abaki, aondoke, abaki, aondoke. Zabron mwenyewe aligeuka benchini akanitazama kwa huruma. Nilimchukia kwa huruma ile.

Mechi imeisha sare bila mabao. Uongozi umempa Zabron muda. Kijiweni mabenchi yote mawili yamenikataa, na kahawa nimeinywa nimesimama. Mtu mmoja kaniuliza msimamo wangu hasa ni upi. Nimeusahau.

Jumanne, 11 Februari

Tuhfa kaja dukani. Kwa mara ya kwanza, peke yake, na kitambaa cha gauni. Rangi ya maziwa.

Akasema posa imekuja kutoka Mwera, ya bwana mmoja Abass, mwenye minazi. Mjomba kampenda kwa sababu hamjui mchezaji hata mmoja. Jibu linatolewa Ijumaa baada ya sala, na kujibu ni juu yake yeye Tuhfa. Nikampima mabega. Nikaandika namba isiyosomeka.

Akasema mimi nina maneno mengi sana juu ya Zabron, anashangaa jambo langu mwenyewe sina neno. Akasema bango lile lilimchekesha mpaka machozi. Akasema kama mtu ana la kumwambia, yeye yupo hapa, amesimama.

Nilitaka kumwambia kuwa nyumba yangu ni kimya, kuwa kila bajia ninayonunua hata njaa sina. Nikamwambia atatumiwa mtu.

Akakiweka kitambaa mezani. Kisha akasema gauni nisilikate kwanza.

Jumatano, 12 Februari

Kitambaa kiko mezani. Nimekikunja, nimekikunjua. Kina harufu ya udi wa kwao. Leo Tuhfa kapita mbele ya duka, akarudi, akasimama kidogo. Nikajifanya natunga uzi.

Lakini sikulala tu. Nimempigia Mundhir na amekubali kwenda tena. Safari hii kaapa hatataja mpira, na halua nyingine nimeagiza Wete. Yuko Ushongo kwa kazi, anarudi Jumamosi. Jibu la Mwera ni Ijumaa. Nimeliangalia hili kwa utulivu, inapishana siku moja tu. Tuhfa ataelewa kuwa mambo ya heshima hayaendi na haraka.