Sefu Yangu, Nati za Thuo

Jumamosi, 6 Juni 1981
Sefu imefika! Kazi ya Munyoki, fundi wa Kariobangi, kwa chuma cha tangi kuukuu. Nimeileta Buruburu kwa mkokoteni, nimeifunika blanketi ili majirani wasijue. Majirani wote wakatoka kutazama kitu kilichofunikwa blanketi. Mama mmoja akanipa pole ya msiba. Nikaipokea. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Bunduki ya marehemu Baba iko polisi. Aliilindia mahindi yake dhidi ya tumbili, na kauli yake ya mwisho ilikuwa kwamba iende kwa kifungua mimba. Yaani mimi! Lakini lazima niwe na sefu iliyofungwa imara ukutani, na Inspekta Mutisya anakuja kuikagua Ijumaa. Akiikataa, bunduki inakwenda kwa mdogo wangu Caleb kule Bungoma, ambaye tayari amerithi shamba, ng'ombe na pua ya Baba.

Jumapili, 7 Juni
Kanisani nimemwombea Caleb. Si sana.

Mke wangu Roseline anasema kabla sijatoboa ukuta nikamwambie Thuo, maana ukuta ni mmoja, sisi huku, yeye kule. Nimekataa. Thuo ana bucha Soko la Burma. Ukimwambia jambo asubuhi, kufikia mchana amelifungia kila mteja pamoja na matumbo. Mtaa mzima utajua kwangu mimi, Phares wa Reli, kuna bunduki.

Roseline akaniambia, Baba Nangila, jirani si mwizi, ni kubisha mlango tu. Nikamwambia mambo ya usalama ni ya wanaume. Akaniuliza mbona basi blanketi lilikuwa lake.

Jumatatu, 8 Juni
Nimeaga ofisini kwamba jino linauma. Nimeazima drili ya karakana. Nimesubiri Thuo aende Burma. Mahali: chini ya ngazi, pasipoonekana na mgeni. Bolti: za reli, ndefu kama mkono wa mtoto. Ukuta wa nyumba za kisasa, nikajiambia, lazima uwe mnene.

Si mnene.

Bolti ya nne ilipoingia nikasikia mayowe. Wacera, mke wa Thuo, anamwita Mungu kwa Kikuyu na kwa Kiswahili, kwamba ukuta wa jikoni umeota pembe! Pembe nne! Nikatoka mbio kumtuliza. Nikamwambia nafunga kabati la vyombo. Akanitazama nilivyojaa vumbi la saruji mpaka kwenye kope, akasema vyombo hivyo lazima viwe vya Ikulu.

Jumanne, 9 Juni
Thuo alikuja jioni. Nilitarajia panga. Akacheka mpaka kofia ikaanguka! Alisema amemsumbua Wacera miaka mingi kwamba jikoni hakuna pa kutundika nyama, na sasa Mungu amempa ndoano kupitia kwa Mluhya. Amezitia nati kwa upande wake, amezikaza kwa spana, na tayari paja la mbuzi linaning'inia. Akaniuliza, jirani, kabati gani hilo linalofungwa kama daraja? Nikasema Roseline ana sufuria nzito.

Roseline alinitazama kwa macho ya mwalimu mkuu.

Ningemwambia pale pale. Alikuwa ameketi kwangu, ana chai mkononi, ana furaha. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Nikalimeza. Nikaongea habari za mvua.

Lakini sefu! Jana ilikuwa inacheza kama jino langu la uongo. Leo haitikisiki, kwa nguvu za Thuo, bure kabisa. Nalala nikijiona mwerevu.

Ijumaa, 12 Juni
Inspekta Mutisya amekuja. Mtu mpole, viatu vinang'aa. Akaisukuma sefu kwa bega. Kimya. Akaivuta kwa mikono miwili. Kimya! Akasema hajaona sefu iliyoshika hivi hata kwa Wahindi. Akatoa kalamu. Nikaiona bunduki ya Baba imo ndani tayari, na mimi na Caleb tunaongea kama kaka na mdogo wake.

Hodi! Thuo, na vikombe vya supu. Alikuwa amesikia tuna mgeni, akaona si vizuri mgeni aondoke mtaani na tumbo tupu. Akainama chini ya ngazi. Akasema kumbe kabati la vyombo lina kufuli mbili! Kisha, kwa moyo mweupe kabisa, akamwambia Inspekta kwamba kazi ile nzuri ni yetu sote, maana nati anazikaza yeye.

Inspekta akauliza, nati zipi?

Tukaenda wote jikoni kwa Thuo. Paja la mbuzi, nati nne, na spana imening'inizwa kando yake. Inspekta akasogeza paja pembeni, akazungusha nati moja. Ikafunguka kwa ulaini. Akasema, Bwana Phares, hii sefu si yako. Ni ya huyu bwana. Wewe umepewa mlango tu.

Akafunga kalamu. Supu alimaliza.

Jumatano, 17 Juni
Nimeenda kituoni kutia sahihi ili bunduki iende kwa Caleb. Nyumba yake imesimama peke yake kati ya migomba, kuta zote ni zake. Waliniruhusu niishike kidogo. Kitako kimelainika pale Baba alipoegemeza shavu. Niliweka langu. Askari akakohoa. Nikarudisha.

Niliporudi nilimkuta Thuo mlangoni, kofia mkononi, hacheki. Alisema angejua ni sefu angezichomelea nati zile mwenyewe, ana mashine ya kuchomelea ndoano kule buchani, zisingefunguka mpaka kiama. Akasema, si ungebisha tu, jirani? Nikamkaribisha ndani. Roseline akatuletea chai. Ameweka sukari ndani ya sefu.

Jumapili, 21 Juni
Sikula vizuri wiki hii. Nimewaza sana, na hatimaye nimeona nilipokosea.

Bolti! Zilikuwa ndefu mno. Zingekuwa fupi, zisingetokea upande wa pili, Wacera asingepiga mayowe, na Thuo asingejua lolote mpaka leo. Ni hilo tu!

Nikiifunga sefu upya kwa bolti fupi, naweza kumwomba Inspekta arudi kabla Caleb hajaizoea bunduki. Shida ni kuing'oa, maana nati ziko kule. Kesho Thuo yuko Burma, Wacera ana mkutano wa akina mama, na dirisha la jikoni lao halifungi sawasawa. Nina spana. Nitapita hapo mara moja, nitoke. Kwa jambo dogo hivi, sioni haja ya kuwasumbua watu kwa kubisha mlango.