Kemshafti ya Mashindano

Jumatatu, 4 Machi

Aibu. Jana mwanyumba katupita mlimani. Mwanyumba, yaani mume wa mdogo wake marehemu mke wangu, mwenye gari jipya na honi ndefu kuliko adabu yake. Mimi nilikuwa gia ya kwanza, nampeleka mama mkwe kaburini kama kila Jumapili. Gari ni la marehemu. Kibanio chake cha nywele bado kiko kwenye kisahani cha majivu. Sikitoi.

Mama mkwe akasikiliza injini. Akasema kwa upole kwamba linahema kama mbuzi mwenye pumu, na labda Jumapili zijazo apande na mwanyumba, anipunguzie kazi.

Anipunguzie! Mle garini ndimo anamonisimulia mke wangu alivyokuwa mtoto. Nyumbani hasimulii, kuna watu. Kaburini hasimulii, analia. Ni njiani tu. Jana ilikuwa kuku: mke wangu, angali mdogo, alimwiba kuku aliyekwisha kuchinjwa kwa ajili ya wageni, akamzika, akamwombea. Wageni wakala wali mkavu. Miaka yote ya ndoa sikuwahi kumjua kuku huyo. Mama mkwe akihamia gari jingine, na hadithi zinahama naye. Nitabaki na zile ninazozijua, na zinaanza kuchakaa.

Haiwezekani. Injini lazima ipate nguvu.

Jumanne, 5 Machi

Duka la vipuri. Muuza vipuri kanieleza vizuri, hata mimi wa darasa la saba nimeelewa. Kemshafti ni mti wa chuma wenye vinundu. Ukizunguka, vinundu vinafungua valvu: hewa na mafuta vinaingia, moshi unatoka. Umbo la kinundu ndilo linaloamua nguvu ya injini ikae wapi. Anazo za aina tatu. Ya kwanza inatoa nguvu chini, injini ikizunguka polepole: milima, mizigo, foleni. Ya pili, katikati. Ya tatu ni ya mashindano. Hiyo chini inalala fofofo, nguvu yake iko juu kabisa, injini ikipiga mayowe.

Akauliza. Naendesha mwendo gani? Barabara gani? Nabeba nani?

Jibu lilikuwa rahisi: polepole, mlimani, bibi mwenye kopo la maji ya maua. Lakini pembeni palikuwa na dereva wa lori, kakunja mikono, anasikiliza. Nikajisikia nasema: mwendo mkali, barabara kuu, peke yangu.

Ikaletwa ya tatu. Dereva wa lori akasema, mzee, kumbe wewe ni hatari. Mimi! Marehemu alikuwa akiniita Bwana Breki. Nimetoka dukani nimeikumbatia kama mtoto mchanga.

Jumatano, 6 Machi

Fundi analijua gari hili tangu marehemu alipolinunua. Aliitazama kemshafti, akanitazama mimi, akaitazama tena. Akauliza kama ni ya ndege. Akasema gari hili linataka ile ya kwanza. Hii ya mashindano inataka springi ngumu, kabureta kubwa, gia nyingine, na dereva mwingine. Nikamwambia afunge tu. Akasema haya, sikio la kufa halisikii dawa.

Alipoitoa ya zamani akaniita nione. Kinundu kimoja kimelika, laini kama kipande cha sabuni. Ndiyo maana lilikuwa linakohoa. Akasema ingetosha kurudishia mpya ya aina ileile, na mlima tungepanda bila maneno. Nilisikia. Nilisikia vizuri kabisa. Nikasema afunge ya mashindano.

Ya zamani nimeomba nibaki nayo. Nimeifuta mafuta, nimeilaza kitandani, upande wa marehemu. Kinundu kile ni yeye aliyekila: sokoni, kazini, sokoni, hospitali.

Ijumaa, 8 Machi

Limewaka! Ila halitulii. Likisimama linatetemeka, na madirisha ya nyumba nayo. Jirani alitoka na ndoo ya mahindi, akauliza nasaga kwa kilo au kwa debe.

Taa nyekundu, likazima. Nikawasha. Taa ya kijani, likazima. Nyuma yangu watu walinitukana kwa ufasaha mkubwa. Basi nikalipeleka barabara ya uwanjani, tambarare tupu, nikakanyaga. Mwanzoni kimya, kama kumwamsha mlevi. Halafu huko juu likaamka! Nilipiga yowe. Raha hiyo ilidumu urefu wa ukuta wa shule, kisha likaja tuta.

Jioni mwanyumba akapita. Akauliza kama gari lina malaria. Nikajibu liko mazoezini. Akasema, mwanyumba, tuache utani, mama nitambeba mimi, wala si tabu. Damu ikanichemka. Nikamwambia Jumapili: atakayetangulia kufika lango la makaburi ndiye atakayembeba mama daima. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akakubali.

Mama mwenyewe hatukumuuliza.

Jumapili, 10 Machi

Sijui niandikeje.

Mama mkwe alipanda na kopo lake. Kabla hatujatoka uani, nusu ya maji yalikuwa mapajani mwake. Akalalamika kwamba meno yake ya bandia yanaongea yenyewe. Nikamwambia hiyo ndiyo nguvu, mama. Akaanza hadithi, kitu kuhusu mke wangu na ngazi ya jirani. Injini ikaimeza. Niliona midomo tu. Nikawa naitikia, kweli mama, ehe mama, bila kusikia neno.

Mlimani mwanyumba yuko nyuma yetu. Nikakanyaga, injini ikafika juu, tukaruka! Nilimwona kwenye kioo akipungua. Kona ya kwanza: mkokoteni wa matofali, unapanda kama konokono, hakuna pa kupita. Nikapunguza. Injini ikashuka, ikalala, ikazima. Nikawasha, ikazima. Tukaanza kurudi kinyumenyume, mama mkwe akiwaita wazazi wake waliokwisha kufa, mmoja mmoja. Msukuma mkokoteni mmoja akatuonea huruma, akakimbia na tofali, akalisukumiza nyuma ya gurudumu. Kisha mkokoteni ukaendelea na safari. Hata wao wametushinda.

Mwanyumba hakupiga honi. Hilo ndilo lililoniuma. Alisimama, akamfungulia mama mlango. Mama akaniambia, bila hasira, kwamba mwanawe alikuwa akipanda hapa polepole na walikuwa wakifika. Akauliza nilikuwa nakimbilia nini. Mwanyumba akasema, panda nyuma, nafasi ipo tele. Nikasema nalinda gari.

Gari lisilokwenda! Aibe nani, alibebe kichwani?

Walipoondoka nilimwona mama kupitia kioo chao cha nyuma. Amemgeukia mwanyumba, mikono yake inachora ngazi hewani.

Jumatatu, 11 Machi

Mama mkwe amepiga simu. Kasema kiti cha nyuma ni changu kila Jumapili, wameshakubaliana. Na ile ya ngazi atairudia tangu mwanzo. Ni ndefu, na jana aliikata katikati makusudi, nisiikose. Nikamshukuru sana, nikamwambia haitakuwa lazima.

Maana asubuhi nilirudi kwa muuza vipuri. Anasema kemshafti haina kosa, injini ndiyo imekosa pumzi, na anayo turbo, feni ya kuisukumia injini hewa, iliyotoka kwenye lori. Fundi nilipomwonyesha alifunga geti, akajifanya hayupo, nikimwona miguu kwa chini. Si neno. Nimepata fundi mwingine, huyu haulizi kitu.

Jumapili nitawapita. Mimi peke yangu, gari jepesi, bila mama, bila maji. Watakapofika, hadithi yao imekwisha, watanikuta nimesimama langoni. Wa kwanza!