Nyuzi 189

Jumatatu, 13 Januari 2025
Nimepata njia! Dkt. Shamila, msimamizi wetu wa uzamili, ametupa mimi na Cornel urea na kloridi ya kolini. Poda mbili. Tuzichanganye kwa vipimo kumi na kimoja, tukadirie kila mchanganyiko unayeyuka kwa nyuzi ngapi, kisha tupime. Atakayepatia ndiye atakayeeleza kazi Ijumaa mbele ya wageni wa wizara kutoka mji wa serikali, Mtumba. Cornel kaanza kupima, kimoja kimoja. Maskini! Mimi nimepiga wastani. Urea 133, kolini 302. Kolini moja kwa urea mbili: nyuzi 189. Saa nne nilikuwa nakunywa chai.

Jumanne, 14 Januari
Nimefungua chupa ya urea ili nionekane nina shughuli. Punje nyeupe. Ghafla niko Kondoa, nina miaka minane. Marehemu baba ananitangulia na jembe, mimi namfuata na mbolea. Kizibo kimoja cha soda, shimo moja. Kwenye mstari wangu niliweka vitatu, mahindi yangu yapite yake. Yakaungua yote! Baba hakunigombeza. Alicheka hadi akaegemea mpini.
Nikampigia mama, nikamwamkia, nikamuuliza kama anakumbuka. Akasema anakumbuka vizuri, hata nilivyowasingizia panya.

Jumatano, 15 Januari
Nimechanganya kimoja, kile cha kolini moja kwa urea mbili, kwa ushahidi tu. Nikapasha moto kidogo. Bila tone la maji, poda zimekuwa kimiminika angavu. Nikasubiri kigande. Saa sita, bado. Saa tisa, bado. Chupa mbovu hii! Nimeificha nyuma ya pazia. Kwenye jedwali nimeandika 189.

Alhamisi, 16 Januari
Dkt. Shamila kavuta pazia. Kainamisha chupa. Ikatiririka.
“Harithi, humu ndani ni nyuzi ishirini na nane. Hiki ni nini?”
Nikasema labda unyevu. Januari hii ya mvua!
Cornel, aliyenunua barafu kwa muuza samaki, akasema chake kiliganda kwenye nyuzi kumi na mbili. Kumi na mbili! Dokta akanieleza taratibu: vitu hivi vikikutana vinashikana kwa nguvu hadi kila kimoja kinashindwa kujipanga na kuganda. Wastani haulijui hilo.
Hakucheka. Ndicho kilichoniuma. Nilitembea peke yangu hadi mtaa wa Miyuji, nikimtamani mtu wa kunicheka vile, na jembe mkononi.

Ijumaa, 17 Januari
Cornel kaeleza vizuri. Wageni wakapiga makofi. Mimi nilishika chupa.

Jumapili, 19 Januari
Dokta kanipa nafasi nyingine, Mungu ambariki! Nitafute kila mchanganyiko unameza joto kiasi gani ili upande nyuzi moja. Kasisitiza nipime kwanza. Nimemwitikia kwa heshima zote. Jioni hii nimeshachora mstari, umenyooka, unapendeza kweli. Kesho nitatafuta nukta zitakazokaa juu yake.